Ukurasa wa Sitini na Mbili

Bungoma, 14 Machi 2006

Kwa mpwa wangu Khairunisa,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Kiragu na mama mkwe wako Wacuka. Sisi hatujambo. Mama Khadijo wangu anasumbuliwa na magoti tangu Januari, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mvua imeanza tarehe tisa. Kikopo changu cha kupimia kilipata milimita ishirini na mbili siku ya kwanza, na jana thelathini na moja. Chwele nzima iko shambani.

Simu yako ya Jumapili niliiona ikilia. Sikuipokea, na naomba usipige tena. Kwa simu nitapiga kelele. Kwa karatasi nalazimika kumaliza sentensi.

Wiki iliyopita Barasa, niliyemfundisha jiografia na ambaye sasa anauza vitabu karibu na soko, alikuja mbio hadi kibarazani kwangu.

"Mwalimu! Dada yako ameandika kitabu!"

"Barasa, dada yangu amekufa mwaka mzima sasa."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini ameandika."

Akanipa. *Umande na Vumbi*, haiku sitini na mbili za Nimo Abdalla, zimekusanywa na binti yake Khairunisa, Kitale. Karatasi nzuri, shairi moja kila ukurasa. Chapa safi. Nilikaa nikakisoma chote, kisha nikakirudia, na niliposimama nilikuwa na hasira. Nitakueleza kwa nini, na nitakueleza polepole, maana nataka uelewe na si kuogopa tu.

Haiku ni shairi la mistari mitatu. Mizani tano, saba, tano. Nilifundishwa na kijana Mjapani aliyeletwa shuleni kwetu mwaka 1979 kufundisha hisabati, akapanga chumba cha nyuma ya nyumba yangu. Jioni alikaa kwenye ngazi akihesabu mizani kwa vidole. Alinieleza kwamba mizani si kitu. Shairi likiwa na mizani zote lakini halina neno la msimu, ni maneno tu yaliyopangwa. Lazima ndani yake kuwe na kitu kinachomwambia msomaji ni wakati gani wa mwaka, na wakati huo uwe wa pale uliposimama wewe. Huwezi kukaa Bungoma ukaandika theluji. Nikamfundisha mama yako, na baada ya kuolewa kwake Kitale tukaandikiana kwa miaka mingi.

Sasa fungua ukurasa wa kumi na nne.

*Septemba tena —*
*maharagwe ya pili*
*yamenyanyuka.*

Wewe umezaliwa Kitale. Ni lini umeona mtu wa Kitale akipanda maharagwe ya pili? Huko mnapanda mahindi Machi au Aprili, mnavuna Oktoba na Novemba, basi. Mwaka wenu una msimu mmoja mrefu kama safari ya hija. Huku kwetu tunavuna Agosti na tunapanda tena. Shairi hilo haliwezi kuwa la Nimo. Shairi hilo ni langu, na lilitoka katika shamba langu la Chwele.

Linganisha na ukurasa wa ishirini na moja:

*Njaa ya Juni:*
*mahindi ya jirani*
*yananiona.*

Hilo ni la mama yako, na mimi singeweza kuliandika hata kama ningekuwa na akili yake. Juni huku kuna mtu tayari anachoma hindi bichi. Juni kwenu ghala ni tupu na shamba bado ni majani.

Katika kitabu chako kuna mashairi yangu ishirini na matatu. Umeyachukua, ukaandika juu yake jina la maiti, ukayauza. Nakutaka usimamishe kitabu hicho mpaka jambo hili litengenezwe.

Msalimu Kiragu.

Mjomba wako,
Alwi Abdalla

*

Kitale, 2 Aprili 2006

Mjomba,

Wa alaykum salaam. Sisi tuko salama. Kiragu amemaliza kupanda ekari tatu na amebakisha mbili. Mama Wacuka anawasalimu, ameniletea kuku wawili wa mayai. Duka la fotokopi liko, linaenda. Mpe pole Mama Khadijo kwa magoti.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mjomba, unajua hii ni barua yako ya kwanza kwangu tangu Mama afe? Sio ya pili. Ya kwanza. Hukuja kumzika. Hukuja arobaini. Bungoma na Kitale si ng'ambo ya bahari. Watu walikuwa wananiuliza, "Na Mwalimu yuko wapi?" mimi nasema ati yuko njiani. Mwaka mzima uko njiani. Sasa umefika, na ulichokuja kuuliza ni jina lako.

Mimi sikuiba kitu. Daftari lilikuwa kwenye kabati yake, chini ya shuka. Mashairi yote sitini na mawili ni mwandiko wake mmoja, wino mmoja, hakuna jina hata moja. Wewe ungefikiri nini? Mimi sikujua mnaandikiana. Nilikuwa naona bahasha tu, na Mama alikuwa akipata bahasha anafunga mlango. Kama yako yapo humo, sawa, niandikie ni yapi, moja moja. Nitakaa nayo nione. Lakini usiniambie nimeuza jina la maiti. Mimi ndiye niliyemwosha huyo maiti. Jepkoech, jirani yake, alinipigia asubuhi na nilifika maji yakiwa tayari yamechemshwa.

Na kuna moja nakuomba usiliguse. La mwisho, ukurasa wa sitini na mbili. Nililiweka pia nyuma ya jalada.

*Mvua ya pili —*
*sweta aliyotwaa*
*imemtosha.*

Nitakuambia kitu sijamwambia mtu isipokuwa Kiragu. Unajua Mama hakusema nami miaka miwili, tangu mimi na Kiragu tuandikishe ndoa kwa ofisi ya DC badala ya msikitini. Siku niliyoondoka nilichukua vitu viwili: cheti changu cha shule na sweta yake ya kijani. Sikuomba. Nilikuwa na hasira na kulikuwa na baridi. Alikufa kabla hatujasema hata neno. Halafu nafungua daftari, ukurasa wa mwisho kabisa, naikuta hiyo sweta. Imemtosha. Hakusema ameiba. Mjomba, mimi nililia mpaka Kiragu akazima mtambo na kufunga duka. Ndiyo sababu nikachapisha kitabu. Sikuwa natafuta sifa.

Siku ya kukizindua kwenye ukumbi wa maktaba, Mwalimu Kiplagat wa huku alisoma hilo la mwisho. Nilijua Mama amenisamehe mbele za watu.

Hayo mengine tutaongea. Hilo ni langu.

Khairunisa

*

Bungoma, 23 Aprili 2006

Mpwa wangu,

Assalamu alaykum. Barua yako ilifika. Huku palizi imeanza mapema kwa sababu ya mvua nyingi. Milimita mia moja na themanini na nane kufikia jana, na mwezi haujaisha. Mama Khadijo anasema kuku wa Wacuka ni dawa ya magoti, ujue la kufanya.

Hasira yangu haijaisha, lakini umeuliza swali la haki na mwalimu hujibu swali la haki.

Umeuliza kwa nini hakuna majina. Hatukuyahitaji. Mama yako alinakili kila shairi katika daftari moja, langu na lake, kwa mpangilio wa kuja kwake. Mimi nilitaka tuweke herufi pembeni, A na N. Akakataa. Alisema, "Msimu unatosha. Kama siwezi kukutambua kwa mvua yako, basi hukuandika vizuri." Nimo alikuwa hivyo. Ukimwambia jambo la busara analigeuza kuwa mtihani wako.

Na tulikuwa na sheria moja. Anayejibu lazima achukue kitu kimoja kutoka katika shairi la mwenzake na kukipeleka kwenye msimu wake. Nikiandika kuhusu jembe, yeye atanijibu na jembe hilohilo likiwa Kitale. Kwa hiyo hilo daftari si rundo la mashairi. Ni mazungumzo. Wewe umeyachapisha kana kwamba mtu mmoja alikaa chumbani akijisemesha. Hilo ndilo lililonichoma. Umenitoa katika mazungumzo ya miaka kumi na mmoja na dada yangu, ukamwacha anaongea na ukuta.

Yaliyo yangu ni haya: 3, 6, 7, 11, 14, 15, 19, 20, 24, 28, 29, 33, 36, 37, 40, 44, 47, 50, 51, 55, 58, 60. Kila moja lina alama ya huku. Tazama mwenyewe: maharagwe ya pili, mahindi mabichi ya Juni, kupanda kwa Agosti, mavuno ya Januari. Usinikubalie kwa sababu mimi ni mkubwa. Kagua.

Kuhusu ukurasa wa sitini na mbili, sina neno. Ni lako, kama ulivyosema.

Kuhusu mazishi, siyazungumzi kwa barua.

Alwi

*

Kitale, 9 Julai 2006

Mjomba,

Salaam kwako na kwa Mama Khadijo. Baridi ya huku mwaka huu inaingia kwenye mifupa. Mahindi ya Kiragu yamefika mabegani. Hatujambo.

Nimechelewa kujibu. Sikuwa mgonjwa na sikuwa na kazi nyingi. Sikutaka.

Nilifanya ulivyosema. Nilichukua orodha yako na kalamu nyekundu nikakagua. Yote ishirini na mawili ni kweli. Nilitaka nikukamate hata kwa moja na sikuweza, na nilikasirika sana. Nimesimamisha kuuza. Vilivyobaki viko kwenye katoni, nyuma ya duka.

Halafu nikarudi kwenye barua yako ya kwanza. Uliandika mashairi yako ni ishirini na matatu. Orodha ina ishirini na mawili. Nikasema labda mjomba ni mzee. Kisha nikasema, si huyu. Huyu mtu aliniambia milimita za Aprili mwezi haujaisha.

Nikaenda shambani. Kiragu alikuwa anapalilia na Kipkoech, mtu wa shamba la jirani. Nikauliza, Kitale kuna mvua ya pili?

Kiragu akacheka. "Mvua ya pili? Huku inaanza Machi inakwisha Novemba. Hiyo ya pili utaiweka wapi?"

Kipkoech akasema, "Hiyo ni mambo ya Bungoma, mama. Si huko ndiko wanakula mara mbili?"

Wakacheka. Mimi nikabaki nimesimama kwenye mahindi.

Ukurasa wa sitini na mbili ni wako. Si ndiyo? Ulijua tangu siku ya kwanza, ulilihesabu ukiwa na hasira. Halafu uliposoma nilivyokuambia kuhusu sweta ukaniondolea shairi hilo kwenye orodha, kama mtu anayempa mtoto peremende asilie. Mjomba, wewe ndiye uliyeniandikia kwamba msimu unatosha. Ukanifundisha sheria halafu ukanidanganya ukitumaini sitaitumia.

Usinihurumie. Sikuomba huruma. Niliomba usiliguse, na ungeniambia ukweli wakati ule ningekutukana na tungemaliza. Sasa sina kitu. Mama alikufa bila kusema nami, na maneno niliyofikiri ni yake, niliyoyaweka nyuma ya jalada, ni ya mtu ambaye hata kumzika hakuja.

Niambie mambo mawili. Uliiona wapi hiyo sweta? Na Mama alijibu nini? Maana ulisema mnajibizana.

Khairunisa

*

Bungoma, 28 Agosti 2006

Mpwa wangu Khairunisa,

Assalamu alaykum. Tumevuna. Magunia kumi na saba, si mabaya kwa shamba lile, na ng'ombe wanalima tena kwa ajili ya maharagwe. Mvua ya mwezi huu imefika milimita mia moja na arobaini.

Kuhusu hesabu, huenda nilihesabu vibaya nilipoandika mara ya kwanza. Umri unafanya hivyo. Na kuhusu maneno "mvua ya pili", mshairi anaruhusiwa wakati mwingine kuazima msimu wa mwenzake. Nimo angeweza kuazima wa kwangu.

Nashukuru kwa kusimamisha kitabu. Katika toleo jingine, ukilifanya, weka majina yetu mawili na mimi nitaridhika.

Wasalimie wote.

Alwi

*Khairu, ni mimi Mama Khadijo. Naandika haraka hapa chini kabla hajafunga bahasha, ameenda kuangalia hicho kikopo chake. Ati alihesabu vibaya! Huyu mtu anahesabu matone. Ati kuazima msimu! Mama yako angemcheka mpaka aanguke. Sikiliza mwanangu. Kuna bahasha ya mama yako, ya mwisho. Iko ndani ya daftari la mvua, mwezi wa Februari wa mwaka uliopita. Anaifungua, anaifunga. Hataki niiguse. Sasa tangu uulize hiyo swali yako hali chakula vizuri. Mimi nimechoka kuishi na hiyo bahasha kama mke mwenza. Muulize. Magoti ni mazima kidogo. Kuku sijaona.*

*

Kitale, 10 Septemba 2006

Mjomba Alwi,

Sisalimii leo. Mungu atanisamehe.

Bahasha gani?

Umenishika shati tangu Machi kwa ajili ya mashairi ishirini na mawili yaliyochapishwa kwa makosa, na wewe umekaa na barua ya mama yangu miezi kumi na tisa kwa makusudi? Ulisema nimekutoa katika mazungumzo. Wewe umenifungia nje.

Nataka kujua ilisema nini. Usinieleze haiku ni nini. Usinipe milimita. Usipojibu nitakuja mwenyewe hadi hapo kibarazani, na nitapiga hizo kelele unazoogopa, na msikiti mzima utasikia.

Khairunisa

*

Bungoma, 30 Oktoba 2006

Mwanangu Khairunisa,

Assalamu alaykum. Idi imepita salama. Nilitaka kuandika kabla ya Ramadhani, nikaahirisha mpaka ndani yake, kisha mpaka baada yake. Utaona kwamba kuahirisha ndiyo habari yenyewe.

Ukurasa wa sitini na mbili ni wangu. Oktoba ya mwaka 2004 nilikuwa soko la Chwele siku ya ng'ombe. Mvua ikanyesha ghafla. Nilikuwa nimejikinga chini ya mabati ya muuza chumvi nikakuona uko na Kiragu, mnamkagua ndama. Ulikuwa na sweta ya kijani ya Nimo. Nilipokuona na sweta ile mara ya mwisho ulikuwa mtoto, ulivalishwa siku ya baridi na mikono ikaning'inia hadi magotini. Sasa ilikukaa sawasawa. Ulikuwa mbali hatua kumi. Sikukuita. Nilikuwa na hasira na wewe kwa niaba ya dada yangu, au hivyo nilijiambia. Nikarudi nyumbani nikaandika mistari mitatu nikampelekea.

Hakujibu Novemba. Hakujibu Desemba. Nikajua nimemkosea kwa kukutaja. Jibu lilifika tarehe kumi na sita Februari. Mwandiko ulikuwa umeyumba, nadhani aliandika akiwa kitandani, na hakupata nguvu ya kulinakili katika daftari. Ndiyo sababu hukulikuta. Alinakili la kwangu kuhusu wewe, kwa wino ule mzuri, halafu akaishiwa.

Barua ilikuwa fupi. Naijua kwa moyo. Aliandika: "Alwi, mlete Khairu. Mimi siwezi kutangulia, unanijua. Ukimleta wewe itakuwa hakuna aliyetangulia. Usichelewe." Chini yake kulikuwa na shairi.

Sasa nifike mahali ambapo sitaki kufika.

Sikuondoka siku ile. Unajua nimepima mvua kila asubuhi saa tatu kwa miaka kumi na tisa, sijaruka hata siku moja. Nikajiambia nitafunga jedwali la Februari kwanza, kisha niende Kitale tarehe mosi Machi. Nikamwambia Khadijo hivyohivyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekasirika. Nilifikiri mtoto ndiye wa kuja kwa mama, si mjomba kumbembeleza. Nilitaka ukae kidogo ukihisi uzito. Kikopo kilikuwa kisingizio. Ilikuwa kiangazi, Khairu. Hakukuwa na kitu cha kupima. Nilisimama mbele ya kikopo kikavu siku tano, na siku tano nikaandika sifuri. Siku ya sita Jepkoech akapiga simu.

Nilivaa kanzu nikaenda hadi stendi. Barua ilikuwa mfukoni. Nikafikiri, nitaingiza mwili wake kaburini nikiwa na hii mfukoni, na wewe umesimama upande wa pili. Nikarudi nyumbani. Ndiyo habari ya mazishi. Nimeifundisha jiografia miaka thelathini na moja na hakuna kitu nilichoshindwa kukieleza darasani, lakini hiki nimekieleza sasa na bado hakieleweki.

Kitabu chako kilipofika nilikasirika kwa haki, nasimamia hilo, mazungumzo yalikatwa. Lakini nilikasirika pia kwa sababu uliweka shairi langu mwisho, na msomaji yeyote anayejua sheria angeuliza kama ulivyouliza wewe: jibu liko wapi?

Barua yenyewe nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ni yako. Shairi ni hili, nakunakilia hapa endapo wino wake utakusumbua:

*Vumbi la jembe.*
*Nafuta ile kamba,*
*haina sweta.*

Sitalieleza. Wewe ni mtu wa Kitale, unajua vumbi la Januari linavyokaa kwenye kamba ya nguo, na unajua hakuna anayefuta kamba isipokuwa ana kitu cha kuanika.

Siombi unisamehe. Ninaogopa utafanya hivyo kwa adabu.

Alwi

*

Kitale, 26 Novemba 2006

Mjomba,

Wa alaykum salaam. Tuko salama. Kiragu na watu wake wamekata mahindi wiki iliyopita, shamba limebaki vibanda vya mabua. Mama Wacuka ametuma kuku wa Mama Khadijo. Ni jogoo, mwambie asimfanye mke mwenza.

Sijakusamehe. Usiogope, sitakufanyia adabu. Siku tano, Mjomba. Kutoka dukani kwangu hadi kitandani kwake ilikuwa mwendo wa robo saa. Ningeenda kwa miguu. Ningeenda bila viatu. Kila nikifikiria zile sifuri zako nataka kurarua kitu, na Kiragu ameficha makasi ya dukani.

Na nina hasira na yeye pia. Ati siwezi kutangulia. Na mimi sikutangulia. Tulikuwa watatu, kila mmoja anangoja mwenzake, na sote ni watu wa kusoma.

Kitabu kitatoka tena Januari. Majina mawili juu ya jalada, Nimo na Alwi Abdalla. Ndani sitaandika lipi ni la nani. Mama alikataa herufi pembeni na mimi siziweki. Anayejua mvua atajua. Nyuma ya jalada hakutakuwa na kitu. Ukurasa wa sitini na mbili utabaki wako, na wa sitini na tatu ni wake.

Jumapili nilikwenda nyumbani kwake. Jepkoech ana ufunguo. Kamba bado iko, kutoka kwenye mlimao hadi kwenye nguzo, na vumbi juu yake ni la karibu miaka miwili. Niliifuta kwa kiganja, mwanzo hadi mwisho. Kisha nikafanya jambo, kisha nikakaa kwenye ngazi nikihesabu kwa vidole kama huyo Mjapani wako.

Sheria ni sheria. Anayejibu huchukua kitu kimoja. Hili ni la sitini na nne, na ni la Kitale, kagua:

*Mabua chini.*
*Nimeanika sweta.*
*Siianui.*

Zamu yako. Na safari hii usingoje mwisho wa mwezi.

Khairunisa